Kihariri hakikukwambia kuwa kuna nakala ya akiba: dalili, chanzo na dawa

Vihariri vingi vya maandishi siku hizi huweka nakala ya akiba ya unachoandika, hata kama hujabofya kitufe cha kuhifadhi. Umeme ukikatika au programu ikizimika ghafla, mara nyingi sehemu kubwa ya kazi huwa bado ipo kwenye diski. Inapotelea baadaye. Mtu anafungua faili lake, anaona maandishi ya zamani, hajui kuwa mapya yapo pembeni, anaanza kuandika upya, na kihariri kinaandika akiba mpya juu ya ile ya kwanza. Taarifa ingemfikia kwa wakati, asingepoteza kitu.

Mwongozo huu unamhusu anayetafuta kazi yake iliyopotea, na pia anayetengeneza au kusanidi kihariri. Mifano mingi ni ya vihariri vya Emacs na Vim kwa sababu tabia zao zimeandikwa vizuri na mtu yeyote anaweza kuzikagua kwenye mashine yake.

Kabla ya kugusa chochote

Ukishuku kuwa maandishi unayoyaona ni ya zamani, usiandike hata herufi moja na usihifadhi. Fungua terminali nyingine (dirisha la kuandika amri), nenda kwenye folda ya faili, kisha andika `ls -la`. Herufi `a` ni ya lazima kwa kuwa nakala nyingi za akiba huanza na nukta, na mafaili ya namna hiyo hayaonyeshwi kwa kawaida.

Kwa faili linaloitwa `barua.txt`, tafuta majina haya:

- `#barua.txt#` ni ya Emacs
- `.barua.txt.swp` ni ya Vim. Ukiona pia `.swo` au `.swn`, kuna zaidi ya moja
- `.barua.txt.kate-swp` ni ya Kate
- `barua.txt.save`, au `barua.txt.save.1`, ni ya nano

`barua.txt~` ni kitu kingine: hiyo ni nakala ya toleo lililokuwepo kabla ya kuhifadhi. Inaonyesha faili lilivyokuwa awali, haina maandishi ambayo hukuyahifadhi.

Ukishaipata, inakili mara moja kwenye folda nyingine. Kwa Emacs zingatia alama za nukuu: `cp '#barua.txt#' ~/okoa.txt`. Ukiziacha, mara nyingi terminali huona alama ya `#` ikianza neno, ikachukulia yote yanayofuata kuwa maelezo tu, na `cp` ikalalamika kuwa haikupewa jina la faili. Kwa Vim, nakili `.swp` bila kubadilisha jina lake, kwani si maandishi matupu; Vim yenyewe ndiyo inayojua kuisoma.

Dalili: ujumbe ulitokea, ukapita, hukuusoma

Hili ndilo lalamiko la kawaida kwa Emacs. Ukifungua faili ambalo akiba yake ni mpya kuliko lenyewe, mstari wa chini kabisa wa skrini huandika kuwa faili lina data ya kujihifadhi na kukushauri utumie `M-x recover-this-file` (`M-x` ni Alt na x kwa pamoja, kisha jina la amri). Ujumbe wenyewe ni mzuri: unataja tatizo na unataja amri. Kosa ni mahali ulipowekwa. Mstari ule ule ndio unaopokea kila taarifa nyingine ya Emacs, na kibonyezo kinachofuata kinaweza kuufuta. Mtu aliyezoea kufungua faili na kuanza kuandika papo hapo hauoni. Aliyefungua mafaili kumi kwa pamoja, au aliyeacha Emacs ijirudishie kikao kizima cha jana, ana nafasi ndogo zaidi, maana ujumbe wa faili moja hufunikwa na wa linalofuata.

La kufanya: bonyeza `C-h e` (`C-` ni kitufe cha Ctrl) usome orodha ya ujumbe uliopita. Ukikuta taarifa hiyo, linganisha kwanza kwenye terminali kwa `diff -u barua.txt '#barua.txt#'`. Ukiridhika, rudi Emacs, amuru `M-x recover-this-file`, jibu `yes`, kisha hifadhi kwa `C-x C-s`. Watu wengi husahau hatua hii ya mwisho. Kurejesha huleta maandishi kwenye skrini tu. Faili kwenye diski linabaki la zamani mpaka uhifadhi. Kama mashine nzima ilizimika na hukumbuki ulikuwa umefungua mafaili gani, `M-x recover-session` huonyesha vikao vilivyokatika na kukuuliza faili kwa faili.

Kwa mtengenezaji: taarifa ya namna hii lazima ikae mpaka ijibiwe, na ikae kwenye dirisha la faili husika. Kate inafanya vizuri hapa. Huweka utepe juu ya maandishi ukisema faili halikufungwa ipasavyo, ukiwa na vitufe vya kuona mabadiliko, kurejesha na kutupa. Utepe haukuzuii kusoma faili, na haupotei kwa sababu umegusa kibodi.

Kidirisha kinachoruka katikati ya skrini kina hatari yake. Kikitokea wakati mtu anachapa, herufi au Enter iliyokuwa tayari njiani hugeuka jibu. Kama ni lazima kidirisha kitumike, Enter isifungamanishwe na kitufe kinachofuta wala kinachobadilisha maandishi, na vibonyezo vilivyopigwa kabla hakijaonekana vitupwe. Tena utepe usitegemee rangi peke yake: msomaji wa skrini kwa sauti anapaswa kuusikia bila kuutafuta, na asiyetumia kipanya aweze kuvifikia vitufe vyake kwa kibodi.

Dalili: akiba ipo kwenye diski, ila hakuna ujumbe wowote

Hapa vyanzo ni vingi, na ndipo vihariri vinapokosea zaidi.

*Saa ya faili imesogezwa.* Emacs huamua kwa kulinganisha muda wa kubadilishwa: akiba ikiwa mpya kuliko faili, inakuonya, ikiwa ya zamani, inanyamaza. Sasa fikiria umeandika aya tano, mashine ikazimika, ukaiwasha, na kabla hujafungua kihariri programu ya kusawazisha mafaili ikaleta `barua.txt` kutoka seva, au ukabadilisha tawi la Git (programu ya kutunza matoleo ya mafaili) na faili likaandikwa upya. Muda wa faili sasa ni wa dakika hii. Akiba yenye aya zako tano imekuwa ya zamani, na onyo halitokei. Mbaya zaidi, ukiamuru kurejesha kwa mkono, Emacs hukataa kwa kudai akiba si ya sasa. Njia ya kutokea ni kulifungua `#barua.txt#` lenyewe kama faili la kawaida kwa `C-x C-f`, au ile nakala uliyoiweka kando.

Muda ni kidokezo kizuri lakini si ushahidi. Kihariri kinapoandika akiba kinapaswa kurekodi pia alama ya utambulisho ya faili la msingi, yaani hashi (msimbo mfupi unaokokotolewa kutoka kwenye maandishi yake) na ukubwa wake wa wakati ule. Faili linapofunguliwa tena, swali la kwanza liwe: je, maandishi ya akiba yanatofautiana na ya faili? Yakilingana, akiba iondolewe bila kumsumbua mtu. Yakitofautiana, mtu aambiwe, hata kama saa zinadai akiba ni ya zamani. Hashi ya msingi ndiyo itakayoonyesha kama faili nalo limebadilika tangu pale.

*Faili limehamishwa au limebadilishwa jina.* Kihariri hutafuta akiba kwa jina na mahali. Ukihamisha `barua.txt` kwenda folda nyingine, `.barua.txt.swp` inabaki ilikokuwa. Kwa Vim, `vim -r` bila jina la faili huorodhesha akiba zote inazoziona. Neovim, kihariri kilichotokana na Vim, kwa kawaida huziweka pamoja ndani ya `~/.local/state/nvim/swap`, na jina la kila moja hubeba njia nzima ya faili, alama za mkwaju zikiwa zimegeuzwa kuwa `%`. Ni rahisi kuzipata mahali pamoja, ila ukibadilisha jina la folda ya juu, uhusiano unakatika vilevile.

*Mpangilio umebadilishwa.* Vim hufuata chaguo la `directory`, linalotaja folda ya kuweka akiba. Ukilibadilisha kati ya kikao kilichokatika na cha leo, Vim inatafuta penye folda mpya na haikuti kitu. `:swapname` hukuonyesha akiba ya faili lililo wazi iko wapi. Kagua pia `:set shortmess?`, ukiona herufi `A` ndani yake, mtu amezima onyo la akiba kabisa. Mara nyingi herufi hiyo huingia kwa kunakili mipangilio ya mtu mwingine aliyechoshwa na ujumbe huo. Ikiwa akiba zinakwenda `/tmp`, kumbuka mifumo mingi husafisha folda hiyo mashine inapowashwa upya, yaani saa ile ile unapozihitaji.

*Faili liliharirwa kupitia `sudoedit`.* Amri hii, ya kuhariri faili kwa ruhusa ya msimamizi, haifungui faili lenyewe. Hutengeneza nakala ya muda yenye jina lililoongezewa herufi za bahati nasibu, na akiba huandikwa kwa jina hilo. Safari inayofuata jina ni jingine, hivyo hakuna kinachooana. Tafuta ndani ya `/var/tmp` kwa `ls -la`.

*Kihariri hakina utaratibu wa kuonya.* nano huandika `barua.txt.save` inapouawa kwa ishara ya mfumo, kwa mfano muunganisho wa SSH (wa kuingia mashine nyingine kupitia mtandao) ukikatika. Ukifungua `barua.txt` kesho yake, haitaji lolote. Dawa ni mazoea: muunganisho ukikatika ukiwa ndani ya nano, angalia mafaili ya `.save` kabla ya kufungua tena.

Dalili: onyo linarudi kila unapofungua faili

Hii ni ya Vim. Unafungua faili, skrini inajaa maelezo yanayoanza na `E325: ATTENTION`, unachagua kuhariri hivyo hivyo, unaendelea na kazi. Kesho onyo lile lile. Baada ya wiki mkono unabonyeza `E` kabla jicho halijasoma, na siku akiba yenye kazi ya kweli inapotokea, inapitwa kama zilizotangulia. Kwa onyo lolote la mafaili, mazoea ya kulipita ndiyo hatari kubwa.

Chanzo: Vim hufuta akiba yake inapofungwa kwa kawaida. Ikizimika ghafla, akiba inabaki, na haiondoki kwa kuchagua `E`. Kwanza angalia mistari miwili ya onyo: ule wa `modified`, unaosema kama akiba ina mabadiliko yasiyohifadhiwa, na ule wa namba ya mchakato, yaani ya Vim iliyoiandika akiba hiyo. Kisha fuata mpangilio huu:

1. Hakikisha hakuna Vim nyingine iliyofungua faili hilo.
2. Andika `vim -r barua.txt`. Maandishi yaliyookolewa yatatokea.
3. Hifadhi kwa jina jingine: `:w barua.okoa.txt`, kisha toka kwa `:q!`.
4. Linganisha: `diff barua.txt barua.okoa.txt`.
5. Hakuna tofauti? Futa `barua.okoa.txt`. Tofauti zipo na unazitaka? Nakili la kuokoa juu ya la awali.
6. Mwisho kabisa: `rm .barua.txt.swp`.

Hatua ya sita ndiyo inayorukwa. Vim yenyewe, baada ya kurejesha, hukushauri uondoe `.swp`, lakini haikuondolei, na mtu aliyefurahi kuiona kazi yake imerudi hasomi zaidi. Ningependa kihariri kimalize kazi hiyo chenyewe: mtu akisharejesha na kuhifadhi, na hifadhi ikithibitika kufika kwenye diski, akiba iliyotumika ihamishiwe kwenye folda ya taka ya kihariri na ikae huko siku kadhaa. Onyo linakoma, na aliyekosea ana pa kurudi.

Dalili: umerejesha akiba, na sasa mabadiliko mengine yametoweka

Faili na akiba vyote vilibadilika. Mwenzako alihariri faili kwenye folda mnayoshiriki wakati mashine yako imezimika, au wewe mwenyewe ulilifungua kwa kihariri kingine. Kurejesha kunaweka akiba badala ya yote.

Kama bado hujahifadhi, usihifadhi: faili kwenye diski lina yale ya mwenzako. Toa maandishi ya skrini kwa jina jingine, kisha unganisha mawili hayo kwa `vimdiff` au kwa `M-x ediff-files`. Kama umeshahifadhi, tafuta `barua.txt~` ikiwa Emacs yako huiweka, au historia ya Git, au historia ya matoleo ya huduma mnayotumia kushiriki mafaili.

Kihariri kinachojua hashi ya msingi kinaweza kuitambua hali hii kabla mtu hajabofya. Hapo kitufe cha kurejesha moja kwa moja kisiwepo kabisa. Kitolewe cha kulinganisha, pande mbili zionekane, na maandishi yaandike waziwazi kuwa faili limebadilika tangu akiba ilipowekwa.

Dalili: onyo linasema kuna akiba, kumbe faili liko wazi kwingine

Kuwepo kwa `.swp` kunaweza kumaanisha kikao kilichokatika au kikao kilicho hai. Vim hutaja uwezekano wote wawili, na kama mchakato bado unaendelea kwenye mashine hiyo hiyo, huongeza maneno `STILL RUNNING` kando ya namba yake na kuondoa chaguo la kufuta. Huo ni uamuzi wa busara sana: kitufe cha hatari kinatoweka pale kinapokuwa na hatari. Ukiona maneno hayo chagua `Q`, tafuta dirisha la zamani, labda ndani ya tmux (programu inayoweka terminali hai hata ukiiacha) au kikao cha SSH kilichosahauliwa, umalizie huko.

Kwenye folda ya mtandao, kihariri hakiwezi kujua kama mchakato wa mashine nyingine uko hai. Soma jina la mashine lililoandikwa kwenye onyo. Kama si yako, muulize mwenye nayo kabla ya kurejesha.

Dalili: maandishi yamejirudisha yenyewe, ila programu nyingine zinaona ya zamani

VS Code na Sublime Text hurudisha maandishi yasiyohifadhiwa bila kuuliza. Ni raha kubwa, lakini mtu anaona maandishi yake na kuamini yamehifadhiwa. Anatuma faili kama kiambatisho, au anaendesha msimbo, na kinachotoka ni toleo la diski. Angalia kichupo: nukta mahali pa alama ya kufunga maana yake hujahifadhi. Kwa VS Code chaguo linaloendesha tabia hii ni `files.hotExit`.

Kurudisha kimya kimya kunafaa pale faili halijabadilika kwingine, mradi mstari mmoja useme kuwa haya yametoka kwenye akiba na bado hayajahifadhiwa.

Dalili: akiba imepatikana, lakini pungufu

Kihariri hakiandiki kila herufi. Emacs huweka akiba baada ya takriban vibonyezo 300, au ukitulia kwa sekunde 30. Vim huandika baada ya herufi 200, au ukitulia kwa milisekunde 4,000. Kilichoandikwa baada ya hapo hakipo popote, na hakuna amri itakayokileta.

Emacs ina kisa kingine. Ukifuta sehemu kubwa ya faili refu, huzima kujihifadhi kwa faili hilo mpaka uhifadhi mwenyewe. Nia ni njema, kwani akiba yenye maandishi marefu isifunikwe na iliyobaki nusu, na ujumbe hutolewa. Unatolewa kwenye mstari ule ule wa chini. Ukihamisha sura nzima kwenda faili jingine, hifadhi papo hapo, au weka `auto-save-include-big-deletions` kuwa `t`.

Diski ikijaa, akiba inashindwa kuandikwa huku mtu akiendelea kuchapa kwa imani. Taarifa ya kushindwa inastahili utepe ule ule unaokaa, pamoja na sababu.

Maneno ya utepe

Mtu anayesoma onyo hili ana wasiwasi. Anataka kujua ni faili gani, ni kazi kiasi gani, na je akibofya atapoteza kitu. Mfano unaotosha:

> barua.txt ina maandishi ambayo hayakuhifadhiwa.
> Akiba: leo saa 8:42 mchana. Faili lilihifadhiwa: leo saa 8:05 mchana.
> Mistari 14 imeongezwa, 2 imeondolewa. Hakuna kitakachofutwa ukiangalia.
> Linganisha · Rejesha · Baadaye

Kitufe cha kutupa hakipo hapo kwa makusudi. Kiwe ndani ya dirisha la kulinganisha, ambako mtu ameshaona anachotupa. Mpaka jibu litolewe, maandishi mapya yaende kwenye akiba yenye jina jingine, na ile ya kwanza isiguswe. Akibofya `Baadaye`, utepe ujikunje uwe alama ndogo kwenye kichupo na urudi mzima faili likifunguliwa tena.

Kujaribu kabla ya kutoa toleo

Andika mistari michache, subiri muda wa akiba upite, kisha ua mchakato kwa `kill -9` ukitumia namba yake. Ishara nyingine huipa programu nafasi ya kujiandaa, na jaribio linakuwa rahisi kuliko hali halisi. Fungua faili tena uangalie utepe. Rudia ukiwa umeendesha `touch barua.txt`, inayosogeza saa ya faili, kabla ya kufungua, kisha ukiwa umebadilisha mstari mmoja kwa kihariri kingine, kisha ukiwa umebadilisha jina la folda, kisha akiba ikiwa na baiti 0. Katika jaribio la mwisho utepe usiahidi kazi isiyokuwepo, na faili tupu lisiweze kurejeshwa juu ya lenye maandishi.